Baada ya Jumamosi ya Usafi

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoka kuvuta moshi wa dampo. Malori ya Halmashauri ya Jiji yalimwaga taka jirani na nyumba zao, taka zikawaka moto, na moshi, harufu na nzi vikaingia ndani usiku na mchana. Mwaka 1988 wakaishitaki Halmashauri Mahakama Kuu, wakashinda. Halmashauri ikaomba muda wa kutafuta eneo jingine, ikapewa, ikaomba tena, mpaka Jaji Lugakingira alipokataa kuongeza. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi zaidi ya 700 wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Dampo likaendelea kuhama, likapita Vingunguti na Mtoni, hadi likafika Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji.

Wanafunzi wa sheria wanaijua kesi ya Tabata kwa sababu ilisimamia haki ya raia kuishi mahali pasipomdhuru. Kwa mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa shina au mama mwenye genge ina somo la pili. Kila mtaa ulioshinda uliacha mzigo kwa mtaa mwingine, kwa kuwa taka zenyewe hazikupungua hata kilo moja. Kijitabu hiki kinahusu sehemu ya kazi ambayo hakuna hakimu anayeweza kuifanya: kupunguza taka zinazozagaa mtaani, kuanzia ndoo iliyo jikoni hadi mtaro ulio nyuma ya nyumba, kwa nguvu za wakazi wenyewe.

Kinachofanyika siku moja

Tanzania ina kumbukumbu kubwa ya usafi wa pamoja. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi. Yeye mwenyewe alionekana akiokota taka karibu na Ikulu, eneo la soko la samaki la Feri, wakati ambapo ugonjwa wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti ulikuwa bado unaua watu. Baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikawa siku ya usafi nchi nzima. Maduka yanafunguliwa kwa kuchelewa, watu wanatoka na mafagio, makoleo na reki, na kufikia saa nne asubuhi kona za mtaa zimebadilika sura.

Tatizo linajulikana kwa kila aliyewahi kushika koleo siku hiyo. Jumamosi kunafagiliwa, taka zinakusanywa kwenye lundo kubwa pembezoni mwa barabara, na watu wanarudi nyumbani kuoga. Lori la halmashauri halijafika. Jumapili kuku na mbwa wanalipekua lundo. Jumatatu mtu anapita na kiroba chake cha nyumbani, anaona lundo, anakiweka hapohapo. Kufikia Jumatano pale palipokuwa pa kukusanyia kwa muda pamekuwa jaa.

Mtu yule wa Jumatatu si lazima awe mchafu au mwenye dharau. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walichapisha jaribio rahisi sana. Katika kichochoro ambamo watu huegesha baiskeli, walifunga kikaratasi cha tangazo kwenye usukani wa kila baiskeli. Hapakuwa na pipa la taka karibu. Mwenye baiskeli hakuweza kuendesha bila kukiondoa, kwa hiyo alikuwa na mawili: kukichukua au kukitupa. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 walikitupa chini. Ukuta huohuo ulipochorwachorwa, asilimia 69 walikitupa. Watu walikuwa wa mji uleule, kichochoro kilekile, sheria ileile. Kilichobadilika ni dalili kwamba mahali pale hapatunzwi.

Kwa hiyo lundo lililoachwa barabarani baada ya Jumamosi ya usafi lina madhara zaidi kuliko uchafu uliokuwapo Ijumaa, maana linaonyesha kwa macho ya wote kwamba hapa ndipo pa kutupia. Mtaa ambao haujapata uhakika wa gari la kubeba ni bora usafishe eneo dogo na taka zote ziondoke siku hiyohiyo, kuliko kusafisha mtaa mzima na kuacha milima minne ya viroba.

Nzi hasubiri mwisho wa mwezi

Kuna sababu ya kiafya inayolazimisha mtaa kufikiri kwa wiki badala ya mwezi. Katika joto la pwani, nzi wa kawaida hutoka yai hadi kuwa nzi kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi, na funza wake huondoka kwenye taka mapema zaidi ya hapo kwenda kujificha ardhini. Ndiyo maana wataalamu wa afya wanapendekeza taka zinazooza, katika nchi zenye joto, ziondolewe angalau mara mbili kwa wiki. Zikikaa siku kumi, mtaa umeshafuga kizazi kizima.

Mbu wa homa ya dengue, ambayo ilizuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hahitaji bwawa. Kikopo cha mtindi kilichotupwa nyuma ya choo, kikapata maji ya mvua kiasi cha vijiko viwili, kinamtosha. Anataga mayai yake kwenye ukuta wa ndani wa kikopo, juu kidogo ya maji. Kikikauka, mayai hayafi. Yanaweza kukaa miezi yakisubiri mvua inayofuata, na maji yakirudi, kwa wiki moja hivi viluwiluwi wameshakuwa mbu wanaouma mchana kweupe, wakati hakuna aliyelala ndani ya chandarua. Kifuu cha nazi, tairi bovu, kifuniko cha ndoo na sahani iliyo chini ya chungu cha maua vinafanya kazi ileile. Wakazi wanaookota makopo mara moja kila wiki na kuyageuza yasituamishe maji wanavunja mzunguko huo kwa mikono mitupu, bila dawa yoyote.

Mitaro haihitaji maelezo marefu. Wakazi wa bonde la Msimbazi na Jangwani wanayajua mafuriko, yakiwemo yale ya Desemba 2011 yaliyoua watu na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande. Mafuriko yana sababu nyingi, kuanzia ujenzi mabondeni hadi ukubwa wa mvua zenyewe. Lakini kalavati iliyojaa chupa na mifuko huigeuza mvua ya kawaida kuwa maji ya sebuleni, na hilo liko ndani ya uwezo wa mtaa.

Eneo lisilo na mwenyewe

Ukipita mitaa mingi ya miji ya Afrika Mashariki alfajiri, utaona nyua zimefagiliwa hadi mistari ya fagio inaonekana kwenye mchanga. Uchafu huanzia pale ufagio unapoishia: kichochoro kati ya nyua mbili, ukingo wa mtaro, kiwanja ambacho hakijajengwa, kona ya kituo cha bodaboda. Watu wanajua usafi. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa kuhusu eneo la katikati.

Vijana wa Dandora, Nairobi, walilielewa hili vizuri. Dandora ni mtaa wa makazi uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia tangu miaka ya 1970, nyumba zikipangwa kuzunguka viwanja vidogo ambavyo wakazi huviita korti. Jirani yake kuna dampo kubwa la jiji, na kwa miaka mingi korti nazo zilikuwa kama madampo madogo: maji machafu, mifuko, na giza lililowafaa wezi. Kikundi cha Mustard Seed kilianza na korti moja tu. Walisafisha, wakapanda nyasi na maua, wakapaka kuta rangi, wakaweka geti, na wakakubaliana na kaya zinazoizunguka korti kwamba kila moja itoe mchango mdogo kila mwezi wa kuitunza. Watoto wakapata pa kuchezea. Vijana wakapata kipato cha ulinzi na usafi. Korti nyingine zikaona, na baadaye yakaja mashindano, Changing Faces, ya vikundi vya vijana kubadili sura za korti zao.

Katika habari ya Dandora jambo la kuzingatia zaidi ni ukubwa wa eneo. Korti moja ina kaya zinazofahamiana kwa majina. Mtu akitupa pempasi pale, anaonekana na mtu anayejua mama yake. Kamati ya kata nzima haiwezi kupata nguvu hiyo hata ikitunga kanuni ishirini. Katika mitaa ya Tanzania kipimo kinachofanana na korti ni shina la mjumbe, au hata nyumba sita zinazotumia kichochoro kimoja. Kila kipande cha eneo la katikati kipewe nyumba zake, kwa majina, na orodha ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Fremu za biashara nazo zihesabiwe. Mwenye duka la vinywaji na mama muuza chipsi wanazalisha vifuniko na vijiti vingi kuliko kaya tano, na pipa moja mbele ya kila biashara, linalomwagwa na mwenye biashara, hubadilisha barabara nzima.

Ndani ya ndoo

Ndoo ya taka ya familia ya mjini ikimwagwa kwenye turubai, mambo mengi yanaonekana. Kuna maganda ya ndizi, viazi na machungwa, mashina ya mchicha, ugali uliokauka, magamba ya samaki, majivu na vumbi la mkaa. Kuna chupa mbili tatu za maji, pakiti za unga na sabuni, karatasi, pempasi, betri iliyokwisha. Kwa uzito, zaidi ya nusu ni vitu vinavyooza, na ndivyo ilivyo karibu kila mji wa ukanda huu. Hivyo ndivyo vinavyonuka, vinavyoita nzi, vinavyolowesha karatasi na plastiki hadi zikose mnunuzi, na vinavyofanya kiroba kiwe kizito kwa mvuta mkokoteni.

Sehemu inayooza ikitengwa jikoni, kinachobaki ni chepesi, kikavu na hakinuki. Mtaa ukikubaliana juu ya jambo moja tu mwaka huu, liwe hili la ndoo mbili.

Katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, utaratibu huu umejaribiwa kwa vitendo. Shirika la Nipe Fagio, lililoanzishwa mwaka 2013, lilishirikiana na wakazi na uongozi wa kata kuanzisha ukusanyaji wa taka zilizotenganishwa. Walimu wa jamii walipita nyumba kwa nyumba, wakirudi tena na tena, maana tabia ya jikoni haibadiliki kwa tangazo la kipaza sauti. Wazoa taka wameungana katika ushirika. Wanapita kuchukua taka majumbani, zinazooza zinakwenda kuwa mboji katika kituo kilichomo ndani ya kata, chupa na makopo vinauzwa, na kinachosafirishwa kwenda Pugu ni masalia tu. Wanaoifanya kazi hiyo ni watu wa kata hiyohiyo, na kipato kinabaki huko.

Si lazima mtaa usubiri mradi. Kaya yenye kauwanja kadogo inaweza kuchimba shimo au kutumia pipa bovu lililotobolewa chini, ikaweka tabaka la majani makavu au pumba za mbao, kisha tabaka la maganda, kisha makavu tena. Lundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ligeuzwe kila wiki au mbili, na baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa udongo mweusi usio na harufu. Nyama, samaki na mafuta visiwekwe, maana vinavuta panya. Likinuka, limezidi maji na limekosa hewa: liongezewe majani makavu na ligeuzwe. Wenye vyumba vya kupanga wasio na kiwanja wanaweza kumpa maganda mfugaji wa mbuzi au nguruwe wa jirani, au kutunza shimo la pamoja na bustani ya shule, iwapo mwalimu mkuu atakubali na kuna mtu wa kuligeuza.

Kuchoma ni njia ambayo wengi wameizoea na ambayo inapaswa kuachwa kabisa kwa plastiki. Moshi wa mfuko au chupa inayoungua kwa moto wa uani una sumu, zikiwemo daioksini, na anayeuvuta kwanza ni mtoto anayecheza pale na bibi aliyekaa barazani.

Mzoa taka na ada yake

Mwaka 1994 Dar es Salaam ilianza kukabidhi ukusanyaji wa taka wa katikati ya jiji kwa kampuni binafsi, na kufikia mwisho wa muongo huo kazi ilikuwa imepanuliwa kata nyingi, ikifanywa na kampuni ndogo na vikundi vya wakazi. Tangu hapo ugomvi umekuwa uleule. Kikundi kinasema watu hawalipi, wakazi wanasema gari halipiti. Pande zote mbili mara nyingi zina haki. Kaya isiyolipa hutupa usiku kwenye mtaro. Kikundi kisicholipwa hukosa mafuta ya guta. Guta lisipopita, hata aliyelipa anaanza kutupa.

Ugomvi huo huvunjwa na uwazi. Siku na saa ya kupita ijulikane, ibandikwe, na isibadilike. Risiti itolewe, iwe ya karatasi au ya simu. Jina la kaya iliyolipa na isiyolipa liwe kwa mjumbe, na mkusanyaji na mkazi wote waweze kuliona. Kaya ya mjane au mzee asiye na kipato ijadiliwe kwenye mkutano, isamehewe hadharani, ili msamaha usiwe wa kuombwa kwa siri. Kiongozi wa mtaa alipe kwanza, na alipe kiasi kilekile.

Na yule kijana wa mkokoteni apewe heshima yake. Anashika kwa mikono kile ambacho wenye nyumba hawataki kukiangalia. Vipande vya chupa vifungwe kwenye gazeti kabla ya kuwekwa ndoo. Sindano za mgonjwa wa kisukari zikae kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na zirudishwe kituo cha afya. Glovu na buti zitoke kwenye makusanyo ya mwezi wa kwanza, kabla ya fulana zenye nembo. Waokota makopo nao, ambao wengi wao ni kina mama wa makamo, ni sehemu ya kazi hii: mtaa unaowatengea siku na mahali pa kuchukua chupa safi unapata wasafishaji ambao malipo yao hutoka kwa mnunuzi wa plastiki.

Sheria, na mkutano baada ya kazi

Sheria ipo upande wa mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziweka taka ngumu chini ya usimamizi wa serikali za mitaa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara, na anayekutwa akiitumia anaweza kutozwa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, Rwanda mwaka 2008. Mifuko ya rambo ilipotoweka, miti na nyaya za umeme zilionekana tofauti ndani ya mwaka mmoja. Mwenye macho alikiri. Chupa, pakiti na vifungashio bado vipo, na hivyo vinasubiri wakazi.

Faini ina nafasi yake, hasa kwa mwenye gari anayemwaga kifusi usiku. Ila mtaa unaoanza na faini kabla ya kuwapa watu pa kuweka taka unajenga uadui tu.

Viongozi wengi wakitaja mfano wa usafi wa pamoja hutaja Rwanda. Umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, na watu wazima wenye nguvu hadi umri wa miaka 65 wanatakiwa kushiriki. Wageni hupiga picha za makoleo na kuondoka. Wanachokikosa ni kinachofuata: kazi ikiisha, wakazi hukaa chini pamoja na viongozi wao na kuzungumza mambo ya mtaa. Hapo ndipo mtaro uliobomoka hupata mtu wa kuufuatilia, na mwezi ujao huulizwa umefikia wapi. Zaidi ya hayo, Kigali haitegemei Umuganda peke yake. Mitaa yake mikuu hufagiliwa na watu wanaolipwa, na taka za majumbani huchukuliwa na kampuni na vyama vya ushirika kwa ada. Anayeiga koleo bila mkutano na bila guta la kila wiki ameiga theluthi moja.

Mkutano wa aina hiyo hauhitaji bajeti. Unahitaji nusu saa, kivuli, na daftari. Mambo matatu yanatosha kwa mara ya kwanza: ni vipande gani vya eneo la katikati na ni nani wa kuvitunza, guta litapita siku gani na kwa kiasi gani, na taka za leo zinaondoka na nani kabla ya jua kuzama. Afisa afya wa kata aalikwe, maana ndiye anayejua gari la halmashauri lina ratiba gani na kikundi gani kina mkataba. Vijana wa kijiwe waalikwe kwa majina yao, na wapewe kazi yenye malipo, sio ya kusukuma tu mikokoteni ya wengine.

Kwa miji ya pwani, mwezi mzuri wa kuanza ni Septemba, kabla ya vuli. Mitaro izibuliwe wakati bado mikavu, kuanzia upande wa chini maji yanakoelekea na kupanda juu, ili mvua ya ghafla isipeleke uchafu wa juu kwenye kalavati ambayo bado imeziba. Mchanga na taka zinazotolewa visirundikwe ukingoni, kwa sababu mvua ya kwanza itavirudisha ndani. Mkokoteni uwe pale tangu asubuhi, koleo la mwisho limwagwe ndani yake, na mchanga safi upelekwe kufukia mashimo ya barabara ya mtaa.